Pua na Tangi la Mheshimiwa

"Hivi humo ndani mnauza vioo au mnauza siki?"

Swali hilo aliliuliza jirani, mama mfua nguo wa nyumba ya pili, asubuhi moja miaka mitatu iliyopita. Alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na kapu la nguo kichwani, mkono mmoja umeshika kapu na mwingine umebana pua. Ndani, fundi vioo alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi jipya la samaki. Alicheka mpaka bunduki ya silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo, ikamtetemeka mkononi.

"Vyote viwili, jirani," alijibu. "Kioo unalipia, siki unanusa bure."

Jirani alisonya na kwenda zake. Fundi akamwita binti yake aliyekuwa anafagia vipande vya vioo.

"Njoo hapa, mama. Nusa huu mshono. Unanuka nini?"

"Siki, baba."

"Barabara kabisa! Ikinuka siki tuko salama. Na siku harufu hiyo ikiisha kabisa, ujue imekauka mpaka ndani, mwenye nyumba anaweza kuhamia." Mwenye nyumba, kwa fundi, ni samaki.

Tangu siku hiyo kila chupa ya silikoni iliyofunguliwa ilipita kwanza chini ya pua ya binti. Baba akampa jina la Pua, na jina likamganda. Wenzake darasani walimwita Pua. Mwalimu naye, akisahau, alimwita Pua. Mama yake akawa Mama Pua, na hakukasirika. "Wapo wanaoitwa vibaya zaidi," alisema, "ila wao huitwa wakishapita."

Sasa baba hakuwepo. Mungu alimchukua mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, baada ya kuugua kwa siku chache tu. Watu walidhani karakana itafungwa. Haikufungwa. Siku ya arobaini na moja mama aliinua mlango wa bati, akajifunga aproni ya mumewe iliyomfika karibu na vifundo vya miguu, akaanza kukata vioo vya madirisha.

Kila siku akitoka shule, Pua alivua sare, akavaa viatu vya ngozi vya baba vilivyojazwa matambara mbele, akaingia kazini. Alifagia kwa brashi, maana mkono na vipande vya vioo havipatani. Alishika ncha ya futi mama alipopima. Alifuta vumbi kwenye fremu za picha. Mama alikata kwa almasi ya baba, kisu kidogo cha vioo chenye ncha ya almasi, na kabla ya kukata kioo kikubwa alifumba macho kidogo, midomo ikacheza bila sauti. Pua alijua mama anaomba, na alijua pia kwamba wakati huo hata kukohoa ni kosa.

Aliyewakosesha usingizi ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Huyu alikuwa dereva wa lori la vioo. Mara baada ya mazishi alichukua ufunguo wa pili wa karakana, eti kwa usalama, akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali. Ukimsikia anakuja, unasikia kwanza ufunguo.

"Mdogo wangu," alikuwa akisema huku amejiegemeza mlangoni, "madirisha sikatai. Fremu sikatai. Lakini hii karakana ilijulikana kwa matangi ya samaki, na tangi si kazi ya kubahatisha. Niachie mimi nilete fundi wangu hapa. Wewe ukae upumzike."

"Nimechoka lini, kaka?" mama aliuliza bila kuinua macho.

Mambo yakawa hivyo mpaka alipokuja daktari wa meno.

Hakuna mtoto wa mtaa ule asiyemjua daktari huyo, na hakuna anayetamani kumtembelea. Lakini kwenye chumba chake cha kusubiri kulikuwa na tangi, na ndani ya tangi aliishi samaki wa rangi ya chungwa, mnene, mwenye jicho moja, ambaye aliogelea polepole kama mtu anayekagua gwaride. Watoto walimwita Mheshimiwa. Pua mwenyewe aling'olewa gego mwaka wa jana akimtazama Mheshimiwa kupitia mlango uliokuwa wazi, na hakulia. Alilia baadaye, nyumbani, pasipo mtu wa kumwona.

"Tangi langu limepasuka kona," daktari alisema. "Mheshimiwa yuko kwenye beseni la kufulia, na ananitazama vibaya. Mumeo ndiye aliyenitengenezea lile la kwanza, miaka tisa halikuvuja hata tone. Unaweza, Mama Pua?"

Mama aliweka futi chini. "Naweza, daktari. Sentimita tisini kwa arobaini kwa arobaini, kioo cha milimita nane. Lilikuwa hivyo. Jumamosi ya wiki ijayo, uje ulione."

Mjomba alikuwa mlangoni, anashusha vioo. Alisubiri daktari aondoke, akaingia akicheka.

"Unamwahidi mtu tangi? Wewe? Lita zaidi ya mia za maji ndani ya chumba cha wagonjwa! Sikiliza. Tangi hilo likivuja, au samaki akifa, hii karakana unanikabidhi. Tumekubaliana?"

"Na likisimama?"

"Likisimama?" Mjomba aliutikisa ufunguo. "Likisimama, nakuwekea huu hapa mezani, na hutanisikia tena."

"Pua," mama alisema, "wewe ni shahidi."

Kesho yake mama alimtuma Pua kununua silikoni. Miwani ya mama ilikuwa imevunjika mkono wiki ile, na bila miwani maandishi madogo yalimchezea kama sisimizi.

"Duka alilokuwa ananunua baba yako limehama," alisema. "Nenda kwa Mzee Misumari. Mwambie unataka silikoni ya tangi la samaki, isiyo na rangi. Usichukue mpaka usome chupa nzima, mbele na nyuma. Umenisikia? Nzima."

"Nimesikia, mama."

Duka la Mzee Misumari lilikuwa jembamba na refu. Minyororo ilining'inia darini, makopo ya rangi yalipangwa mpaka juu, na mzee mwenyewe alikaa katikati ya mabomba kama amezaliwa humo.

"Shikamoo, mzee. Nataka silikoni ya tangi la samaki."

"Marahaba. Silikoni ni silikoni," alisema Mzee Misumari, akavuta chupa ndefu kutoka rafu iliyokuwa karibu na mkono wake. "Hii hapa. Inashika kioo, inashika vigae, inashika mpaka mdeni."

Pua alicheka. Aliishika chupa. Alama kubwa ya bei, ya karatasi, ilibandikwa katikati ya maandishi, ikaacha mistari michache juu na michache chini. Akaanza kusoma: "Kata ncha kwa mshazari..." Maandishi yalikuwa madogo, na nyuma yake wateja wawili walikuwa wanakohoa kwa makusudi. Basi akafanya alichokijua. Kwenye kaunta palikuwa na chupa ya aina ile ile iliyokwisha funguliwa. Akainama, akanusa.

Siki. Siki yenyewe, kali, iliyompeleka moja kwa moja kwenye magoti ya baba.

"Ni hii," alisema. Alijiona mkubwa. Watu wengine wanahitaji kusoma, yeye ana pua.

Nyumbani mama aliuliza, "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Yote?"

"Yote, mama. Na imenuka siki."

Mama alitabasamu. Pua akashika brashi haraka, akaanza kufagia palipokwisha fagiliwa. Jumatano walifunga tangi pamoja. Pua alifuta kingo kwa spiriti, akabandika utepe wa karatasi kila upande wa mshono, mama akavuta mstari wa silikoni bila kusimama, kutoka kona mpaka kona, kisha akaulainisha kwa kidole. Karakana nzima ikanuka siki. Jirani mfua nguo alipita, akasimama, akavuta pumzi.

"Mmeanza tena," alisema. Safari hii hakubana pua. Alifuta jicho kwa mkono wa blauzi, akaendelea na safari yake.

Siku zikapita. Harufu ilipungua, ikawa ya kutafuta, ikaisha. Jumanne iliyofuata mwalimu aliwaambia wanafunzi walete kitu cha nyumbani cha kuwekea kalamu. Pua aliichukua chupa tupu ya silikoni, akaikata juu, akailoweka kwenye ndoo ya maji ili aioshe vizuri. Alama ya bei ikalainika, ikateleza, ikaelea juu ya maji.

Chini yake palikuwa na picha ndogo ya sinki. Pembeni ya sinki yalikuwa maneno haya: *Kwa bafu na sinki. Ina dawa ya kuua ukungu. Isitumike kwenye matangi ya samaki.*

Pua aliyasoma mara moja. Akayasoma tena, kana kwamba mara ya pili yangebadilika. Akalitazama tangi. Lilikuwa limesimama juu ya meza, safi, mishono imenyooka, mwanga wa dirisha umeingia ndani yake wote. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote walichowahi kutengeneza wawili. Na lilikuwa na sumu kila kona.

Ufunguo ulilia mlangoni. Mjomba aliingia, na kabla Pua hajaficha chupa, akamnyang'anya. Alisoma taratibu, midomo ikijongea. Pua alisubiri kelele. Haikuja. Mjomba alichuchumaa mbele yake, sauti yake ikawa laini kuliko siku zote.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Harufu si imekwisha? Tangi linapendeza, linashika maji. Nani atasoma chupa iliyotupwa?"

"Dawa inaingia kidogo kidogo kwenye maji, mjomba. Imeandikwa isitumike."

"Samaki ni samaki, mwanangu. Hufa. Hafanyiwi matanga." Aliinuka, akajipangusa magoti. "Ukisema, utamwaibisha mama yako mbele ya daktari. Umesikia? Mimi namwonea huruma mdogo wangu."

Pua alimtazama usoni. Halafu akautazama ufunguo kwenye mkanda wake. Hapo akaelewa hesabu yote. Akinyamaza, tangi litapelekwa, Mheshimiwa atageuka tumbo juu ndani ya wiki mbili, na karakana itakuwa ya mjomba bila yeye kuinua hata kidole.

"Naomba chupa yangu," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema naomba chupa yangu, mjomba. Ni ya kuwekea kalamu." Alinyoosha mkono, akauacha hapo hapo. Mjomba, ambaye hakuwahi kunyooshewa mkono namna ile na mtoto, aliitupa chupa ndani ya ndoo. Maji yakamrukia Pua usoni.

Hakuyafuta. Aliiopoa chupa, akaenda moja kwa moja uani ambako mama alikuwa anaanika nguo.

"Mama, nilikudanganya. Sikusoma. Nilinusa tu. Nikakwambia nimesoma yote, na sikusoma." Alisema kwa mkupuo, maana alijua akipumua katikati atashindwa kumaliza. Akaiinua chupa, akamsomea mama mistari yote mitatu ya pembeni ya sinki, polepole, bila kuruka.

Mama alishika kamba ya nguo. Pua alitamani achapwe, yaishe. Lakini mama alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, kama afanyavyo kabla ya kukata kioo kikubwa. Kisha akaingia karakana, akavuta droo, akatoa wembe mpya.

"Shika upande ule," alisema. "Usiachie."

"Unafanya nini wewe?" Mjomba alipiga kelele kutoka mlangoni.

Mama aliingiza wembe kwenye mshono wa kwanza, akauvuta kutoka juu mpaka chini. Silikoni ikatoka kama utepe mrefu wa mpira. Mshono wa pili. Wa tatu. Kioo cha mbele kikaachana na wenzake, mama na binti wakakishika, wakakilaza mezani juu ya gunia.

"Tangi zima! Lililokwisha kauka!" Mjomba alishika kichwa. "Watu watasema nini?"

"Waseme, kaka. Midomo ni yao."

"Na daktari Jumamosi?"

"Ataambiwa ukweli. Yeye ana masikio, mimi nina mdomo."

Walipobaki wawili, mama aliketi kwenye kigoda, wembe mkononi, mapaja yamejaa vipande vya silikoni.

"Kumbe pua yangu ni mbovu," Pua alisema, machozi yakimlengalenga.

"Pua yako ni nzima. Wewe ulimwona baba yako akinusa. Mimi nilimwona dukani. Alikuwa anatoka na chupa mpaka kwenye mwanga, anasoma mbele, anasoma nyuma, anamchosha mwenye duka. Akifika nyumbani ndipo anakuita unuse. Kunusa kulimwambia ni ya aina gani, na imekauka au bado. Hakukumwambia kilichochanganywa ndani. Zipo za bafu zinazonuka siki vile vile. Wewe ulikuwa mdogo, ukaona mwisho wa kazi tu, ukadhani ndiyo kazi yote."

Pua aliokota kipande cha silikoni, akakigeuza vidoleni.

"Lakini kosa la kunusa nalisamehe leo leo," mama aliendelea. "Lile la kusema umesoma, hilo utalibeba kidogo. Kesho utarudi dukani peke yako."

Kesho yake duka lilikuwa limejaa. Pua alijipenyeza mpaka kaunta, akaiweka chupa.

"Shikamoo, mzee. Hii si ya samaki."

"Marahaba. Nilikwambia, silikoni ni—"

"Tafadhali, mzee, usiseme. Ngoja nisome." Akasoma kwa sauti ya darasani, ile ya mbele ya ubao. Alipofika kwenye *isitumike*, watu waliokuwa wanataka misumari waliacha kutaka misumari.

Mzee Misumari alikunja uso. "Sasa mbona hukusoma ulipochukua?"

Watu wakageuka kumtazama Pua. Angeweza kusema ni alama ya bei. Ilikuwa kweli, alama ilifunika. Lakini nusu ya kweli ilikuwa imekwisha mchosha.

"Hilo ni kosa langu," alisema. "Nilitumwa nisome, sikusoma. Nimekuja kwa mguu wangu kulisema. Lakini kubandika bei juu ya maneno hayo ni kosa lako, mzee, na mwingine atakuja kununua kama nilivyonunua."

"Ala!" Mteja mmoja, fundi bomba, aliangua kicheko. "Mzee, leo umepatikana."

"Huyu mtoto wa nani?" mteja mwingine aliuliza.

"Wa fundi vioo," Pua alijibu mwenyewe. "Mama yangu."

Mzee Misumari aliguna, akapanda ngazi, akapekua rafu ya juu kabisa. Vumbi lilimwagika. Akashuka na boksi dogo lililosahauliwa, lenye picha ya samaki pembeni. Pua alitoa chupa moja, akatoka nayo mpaka kwenye mwanga wa mlangoni. Akasoma mbele. Akasoma nyuma. *Silikoni tupu. Haina dawa ya ukungu. Inafaa kwa matangi ya samaki.* Akasoma na sehemu ya kukauka, na sehemu ya tarehe ya mwisho wa matumizi, na hata anwani ya kiwanda.

"Na anwani ya nini?" mzee aliuliza, amechoka.

"Nimeambiwa nzima, mzee."

Alipogeuka mara ya mwisho kutazama, Mzee Misumari alikuwa amekaa na kisu kidogo, anabandua alama za bei moja moja. Hakuwa na furaha, lakini alikuwa anabandua.

Jumamosi daktari wa meno alikuja, akakuta vioo vitano vimelala mezani. Mjomba naye alikuwepo. Alikuwa ameahirisha safari kwa ajili hiyo tu.

"Tangi liko wapi?" daktari aliuliza.

"Ndilo hilo," mama alisema. "Lilikuwa limesimama. Tukagundua silikoni yake si ya samaki, nikalikata. Nahitaji wiki moja zaidi, na siku chache za kulijaribu na maji."

Uso wa daktari ulikunjamana. "Mama Pua, wagonjwa wangu wanamkuta samaki kwenye beseni! Uliniahidi leo."

"Niliahidi. Nimevunja ahadi. Sikutaka nikuletee tangi la kumuua."

"Daktari," mjomba aliingilia, "kuna fundi wangu, kesho kutwa tu unapata tangi lililokwisha kauka—"

"Ametumia silikoni gani?" Pua aliuliza.

"Watu wazima wanaongea!"

"Mwache," alisema daktari. Alimgeukia mjomba. "Nami nauliza. Gani?"

"Daktari, silikoni... zote si zinashika?"

Daktari aliokota kipande cha silikoni iliyokatwa, akakivuta, akakitazama. "Mimi naziba meno kila siku," alisema. "Vitu vinavyoshika ni vingi. Vya kuweka mdomoni mwa mtu ni vichache. Nani aligundua hii?"

"Mimi, daktari," Pua alisema. "Na mimi ndiye niliyeinunua bila kusoma. Na nikasema nimesoma."

Daktari alikiweka kipande mezani. "Wewe si yule wa gego? Hukulia hata kidogo."

"Nililia nyumbani."

Daktari akacheka, uso ukamkunjuka. "Wiki moja na siku zako chache, Mama Pua. Nitamwambia Mheshimiwa avumilie beseni."

Wakaanza upya. Kukwangua silikoni ya zamani ilikuwa kazi ngumu kuliko kuifunga, maana mpya haishiki juu ya kuukuu. Walikwangua kwa wembe siku mbili, wakafuta kwa spiriti mara tatu, mpaka Pua alipopitisha ukucha kwenye ukingo na usikwame popote. Wakabandika utepe. Mama akafumba macho, akafumbua, akavuta mstari. Siki ikajaa nyumba. Pua alitamani kulijaza maji siku ya tatu, harufu ilipoanza kupungua. Mama alikataa. Siku ya tano alikataa. Siku ya saba Pua aliweka pua kwenye kila kona, nne za juu na nne za chini, hakupata kitu. Akasoma tena nyuma ya chupa kuhakikisha siku zimetimia. Ndipo wakajaza.

Maji yalikaa usiku na mchana. Pua alitandika magazeti chini, maana gazeti haliwezi kuficha tone. Asubuhi yalikuwa makavu. Wakayamwaga maji, wakajaza mengine, wakasubiri tena.

Siku ya kumhamisha Mheshimiwa, daktari alimleta mwenyewe ndani ya ndoo yenye mfuniko. Alitaka amwone akiogelea pale pale karakana, kwa saa chache, kabla tangi halijabebwa, basi wakamtia ndani. Jirani mfua nguo alikuja na kapu lake. Hata Mzee Misumari alikuja, akisema alikuwa anapita tu, ingawa duka lake lilikuwa upande wa pili kabisa. Na ufunguo ukalia mlangoni, mjomba akaingia.

Hakumsalimu mtu. Alilizunguka tangi. Aliinama kwenye kila kona, akapitisha kidole chini ya kila mshono, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Aliinua gazeti, akaligeuza. Lilikuwa kavu. Mheshimiwa alimfuata kwa ndani, kona kwa kona, jicho moja limemkodolea.

"Mheshimiwa anakagua mgeni," jirani alinong'ona, na watu wakabana kicheko.

Mama alimwekea Pua mkono begani. Hakuongea na mjomba. Aliongea na binti yake, lakini kwa sauti iliyofika mlangoni.

"Umeona, mwanangu? Ulikosea, na kukosea hakukutuangusha. Uongo ndio uliotaka kutuangusha. Siku uliposema kweli, nilikata tangi kwa mkono wangu, na sikuumia, kwa sababu nilijua sasa tunaanzia mahali imara. Soma kabla ya kununua. Soma chupa nzima. Usipojua, sema hujui. Na mtu akikwambia unyamaze ili mambo yaende vizuri, muulize yanakwenda vizuri kwa nani. Mungu anaona kazi hata sehemu zile ambazo mteja haoni."

"Ndiyo, mama."

"Na ukitumwa tena?"

"Nasoma mpaka anwani ya kiwanda."

"Anaisoma kweli," alisema Mzee Misumari. "Nina ushahidi."

Walicheka wote, isipokuwa mmoja. Mjomba alikuwa bado amesimama mbele ya tangi. Mama alimgeukia, akamtazama usoni bila kupepesa, mikono imepangwa juu ya aproni ndefu ya mumewe.

Mjomba alishika mkanda wake, akahangaika na kipete kilichokuwa kimebana, akauchomoa ufunguo. Akauweka mezani kando ya almasi, akageuka, akatoka.

Safari hii hakuna kilicholia.